Mlango Tulioufunga Kwihara

Mwezi uliopita Maganga alikufa, na watu wake wakaja kwangu kutaka mikate ya msiba. Walikuja vijana wawili na bodaboda, wakasimama mlangoni pa tanuri langu hapa Ipuli, Tabora, mmoja kashika kofia mkononi kama yuko kanisani. "Shikamoo mama," wakaniamkia, mimi ambaye ndiyo kwanza naingia miaka thelathini. "Marahaba." "Mama, tumetumwa kutoka Kwihara. Mzee Maganga ametutoka, yule aliyekuwa kamanda wa sungusungu. Watu ni wengi, chai ipo, sukari ipo, tunaomba mikate." Nikawaambia sina unga. Magunia ya unga yalikuwa nyuma yangu, yamepandana hadi karibu na dari, na wao wanayaona, na mimi naona kwamba wanayaona. "Labda mama hujatuelewa," yule wa kofia akaanza. "Nimewaelewa vizuri. Sina unga wa Maganga." Wakatazamana, wakapiga kiki pikipiki yao, wakaenda. Binti yangu Ariela, wa darasa la tatu, alikuwa amekaa juu ya debe anatafuna ganda la mkate ulioungua. Akaniuliza mbele ya wafanyakazi wote, "Mama, kwani marehemu ana unga wake peke yake?" Wakacheka wote. Mimi nilikwenda uani nikapasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Swali la mtoto lilikuwa la haki, na ndiyo maana nimekaa kuandika. Mtoto huyo alikuwa tumboni mwangu mwaka ule. Iko siku atakutana na mtu wa Kwihara atakayemsimulia habari zile zikiwa zimeshapakwa mafuta na kulainishwa, bahati mbaya hii, ghadhabu ya watu ile, shetani alipita. Hakuna shetani aliyepita. Walipita watu ninaowajua majina, niliokuwa nawauzia mikate asubuhi. Habari za kwetu Burundi, nani alikufa kabla na nani alibaki, sitaziweka hapa. Naandika mwaka mmoja tu, na katika mwaka huo nilikuwa nataka kitu kimoja tu, kwamba Ejide awe hai na awepo mtoto wake atakapozaliwa, mahali ambapo hakuna mtu wa kutuambia fungeni mizigo.

Tulikuwa watatu. Ejide, baba wa mtoto, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Fideli, rafiki yake tangu kambini, mrefu, mcheshi, mwenye alama za kuungua toka viganjani hadi kwenye viwiko. Na mimi, Spesi, niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne Kasulu na kudhani kwa hiyo najua kitu. Tuliondoka kambini Kigoma, mimi na Ejide tukiwa na kibali cha kwenda kutibiwa ambacho muda wake ulikuwa umekwisha zamani, Fideli akiwa na uso wake tu. Kwihara tulipata chumba kwa Mama Shija, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata anapoomba chumvi. Chumba kilikuwa cha tofali mbichi, sakafu ya udongo, dirisha dogo. Nusu ya chumba ilikuwa meza ya kukandia, nusu nyingine godoro letu, na Fideli alilala chini ya meza kwa sababu ndipo palipokuwa na joto la unga unaoumuka. Nguo zetu, nywele zetu, hata maji ya kunywa vilinuka hamira. Nje, Fideli alijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, akalifunika na bati la pipa, na mara ya kwanza lilipowaka alilipigia saluti.

Mikate ilitoka. Mirefu, ya ganda gumu, kama ya kwetu, na watu wa Tabora waliipenda na chai. Ejide aliipeleka kwa baiskeli hadi Chemchem na huku Ipuli, Fideli aliuza pale nyumbani. Nawasikia bado wanawake wakimchokoza: "Wewe Mrundi, mkate wako una mashimo, nani amekula katikati?" "Hewa hiyo mama, hewa sikulipishi." "Basi nipe wa hewa tupu, huo ndio wa bure." Tulikula ugali wa muhogo na dagaa, siku nyingine maharage yenye mawese aliyotuletea dereva mmoja kutoka Kigoma, na Mama Shija alitupa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, akatufundisha kuvipika na karanga. Alitufundisha mengi. Tupokee kitu kwa mikono miwili. Tusimpite mtu mzima bila kumwamkia hata kama ametugeuzia mgongo. Mchana nikikutana na bibi njiani nimwitikie vipi kwa Kinyamwezi. Nilipokosea alicheka mpaka akashika ukuta, kisha anarudia polepole mpaka nipate.

Kwihara ina nyumba moja inayojulikana mbali, tembe alimokaa mzungu wa zamani aliyepita na misafara, na wageni huletwa na magari kuitazama. Ejide aliporudi na baiskeli tupu alikuwa akisema, "Yule naye alikuja bila kibali, na nyumba yake inafagiliwa kila siku." Fideli anajibu, "Wewe subiri ufe, na hii yetu wataifagia." Tulicheka sana kwa maneno ya namna hiyo. Sasa hivi ninapoyaandika meno yananiuma.

Ukuta kati yetu na Mama Shija haukufika juu, kwa hiyo tulisikia wageni wake wote, nao walijua tunasikia. Siku moja Maganga mwenyewe alikuja kunywa chai kwake. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa shingo, filimbi yake ya kazi imening'inia kifuani. "Mama Shija, hawa Warundi wako wana karatasi?" "Za kufungia mikate wanazo." Kicheko. "Mimi sicheki. Watu wasiojulikana siwapendi." "Kamanda, mkate unaokula sasa hivi nani kauoka?" Sauti ya kutafuna, halafu akasema, "Ni mtamu. Lakini siwajui." Fideli chini ya meza akaninong'oneza, "Umesikia? Sisi ni watamu." Mimi niliona ndiyo imekwisha, tumekubalika. Mtu akishakula kwako mara kwa mara unadhani kuna kitu kimefungwa kati yenu. Hakuna. Alikula mkate, basi.

Sasa nieleze hili la mlango, kwa sababu kila kitu kiko hapo. Kwetu, sisi watatu tulikuwa tumekua na sheria moja ambayo hakuna aliyetuandikia. Kelele zikianza nje, funga. Zima moto, zima taa, weka kitu kizito mlangoni, lala chini, usipumue kwa sauti. Wanaotoka kutazama ndio wanaookotwa asubuhi. Hatukuwa tunaifikiria, mwili ulikuwa unaifanya wenyewe. Hata kambini, kelele zikitokea kwenye mgao wa chakula, nilikuwa nakuta nimeshalala kifudifudi kabla sijajua kwa nini. Kwihara sheria yao ni kinyume chake kabisa. Mtu akivamiwa au mifugo ikiibwa, hupigwa mwano, yaani yowe la hatari, na ukilisikia unatoka. Mwanamume na silaha, mwanamke mlangoni kulipokeza lifike kijiji cha pili. Mgonjwa anatoka, mlevi anatoka, aliyeko chooni anatoka akifunga suruali. Asiyetoka ndiye mwizi. Hakuna ushahidi mwingine unaotafutwa kwanza, hilo linatosha. Na katika mafundisho yote ya matobolwa na maamkizi, hakuna aliyetuambia hivyo, kwa sababu kwao haikuwa kitu cha kumwambia mtu. Nani anamfundisha mtu mzima kupepesa macho?

Ilikuwa mchana wa kiangazi, jua limesimama, na mikate ilikuwa tanurini. Fideli alikuwa ndani ananisaidia kukanda awamu ya pili kwa sababu tumbo lilikuwa limeshanizuia kuifikia meza. Ejide alikuwa amerudi mapema anaziba pancha. Mwano ulianzia upande wa malisho, sauti ya mwanamke, nyembamba, ndefu, halafu nyingine karibu zaidi, halafu filimbi, halafu miguu. Miguu mingi inayokimbia. Ejide akaingia na baiskeli ndani, Fideli akasukuma komeo, gunia la unga likaegemezwa mlangoni, na sisi watatu tukawa chini ya meza. "Ceceka," Ejide akaniambia, nyamaza, na mimi sikuwa nimesema neno. Nilisikia mikate ikianza kuungua huko nje. Nikawaza, angalau ni mikate tu.

Wao huko nje, nilikuja kujua baadaye, walikuwa wamemkuta mchungaji amekatwa panga bega, na ng'ombe hawapo. Wakajipanga, Maganga akawatazama nani yuko na nani hayupo. Wakaona moshi wetu mweusi unapanda kutoka tanurini, mlango umefungwa, na hakuna mtu. Walikuja moja kwa moja. Hawakubisha. Mlango ulivunjika na gunia likapasuka, na chumba kizima kikawa cheupe, hatuonani. Mkono ulinishika nywele. Niliburutwa juu ya vipande vya mlango nikatupwa uani, na jua likaniingia machoni, na kitu cha kwanza kukiona vizuri ni viatu vya Maganga, vya tairi, na unga juu yake.

"Ng'ombe wako wapi?" "Ng'ombe gani?" Ejide akauliza, na fimbo ikampata mdomoni. "Ng'ombe wako wapi?" "Mzee, sisi tulikuwa ndani." "Tunajua mlikuwa ndani! Kwa nini mlikuwa ndani?" Swali hilo waliuliza tena na tena, na kila jibu lilikuwa baya kuliko la kwanza, kwa sababu hakukuwa na jibu wanaloweza kulisikia. Tuliogopa. Kama huna kosa unaogopa nini? Walikuwa na fimbo za mpingo na mpini wa jembe, na mmoja, kijana aliyekuwa akinunua mkate kila asubuhi na kuniita shemeji, alikuwa na mnyororo wa baiskeli. Ejide alijikunja wakampiga mgongo. Alipojikunjua wakampiga tumbo. Sauti ya fimbo kwenye tumbo la mtu haifanani na kitu chochote, na nikiwa natoa unga uliokandwa kwenye beseni hadi leo nikiutupa mezani kwa nguvu huwa nasimama kidogo. Mwanamke mmoja alinipiga teke la ubavu. Sitataja jina lake, lakini anajua, na kila tukikutana sokoni yeye ndiye anayebadilisha njia.

Hapo Fideli akainuka. Alikuwa amefungwa mikono nyuma, mweupe kwa unga toka nywele hadi miguu, damu tu ndiyo ilikuwa na rangi. Akapiga kelele kwa Kirundi, "Ntimumukubite, afise imbanyi!" Msimpige, ana mimba. Kwa miaka yote alikuwa anasema Kiswahili kuliko mimi, anataniana kwa Kiswahili, anaota kwa Kiswahili, lakini siku hiyo kilichotoka ni cha kwao. Mtu akasema, "Anaita wenzake." Maganga ndiye aliyempiga. Wengine walipiga pia, najua, na kila mmoja baadaye alisema hakuwa yeye. Mimi nilikuwa nimelala chini, shavu kwenye vumbi, na niliona. Alimpiga kichwani na rungu, mara moja tu, kama mtu anayemaliza kazi. Fideli alikaa chini taratibu, kama aliyechoka, akaegemea tanuri lake lililokuwa bado la moto. Hakujitoa. Ngozi ya bega lake ilianza kutoa harufu na hakujitoa, na hapo ndipo mwanamke wa kwanza alipokwenda kutapika, na wale wanaume wakaanza kuangalia fimbo zao.

Ng'ombe walipatikana jioni ile ile, upande mwingine kabisa, wamefungwa msituni, wenye kuwaiba wameshakimbia. Fideli alizikwa kabla jua halijazama, ukingoni mwa mashamba, na wale wale waliompiga ndio waliochimba. Mama Shija alileta shuka. Hakuna aliyesali isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa natukana katikati ya sala. Halafu Maganga akaja mlangoni, mlango ambao haukuwepo tena, akavua kofia. "Dada, imetokea bahati mbaya. Ng'ombe tumewapata. Tumeona si ninyi." Nikangoja. Nilidhani bado ana neno. Na kweli alikuwa nalo. "Lakini mwano ulilia na hamkutoka. Hilo bado ni lenu. Mpaka baraza likae, mmetengwa. Na mkienda kusema mjini, na sisi tutasema ninyi ni nani na mmetoka wapi." Akavaa kofia akaondoka. Nimejaribu miaka yote hii kupata tusi linalomfaa mtu huyo, kwa Kiswahili, kwa Kirundi, na kwa kile Kinyamwezi kidogo alichonifundisha Mama Shija. Sijalipata.

Kutengwa maana yake ni kwamba hakuna wa kukuamkia, hakuna wa kukupa moto wala maji wala kukuazima jembe, na anayekusemesha anaingia kosani pamoja nawe. Ejide alikuwa amelala godoroni, mkono wa kushoto umevunjika juu ya kiwiko, uso umevimba hauna macho. Mwanzoni alikuwa anazungumza. "Tusiende hospitali," alisema. "Watauliza nani kakupiga, watataka karatasi ya polisi, polisi watataka karatasi zetu. Nitapona hapa." "Utapona na nini? Na hamira?" "Spesi, tukirudishwa kambini tutakuwa tumefanya kazi bure. Fideli atakuwa amekufa bure." Nilimfunga mkono na vipande vya mlango na kanga. Nilimpa maji kwa kijiko. Kisha tumbo lake likaanza kuwa gumu, gumu kama ngozi ya ngoma, mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, na akaacha kubishana nami. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ejide asipobisha ujue hayupo nusu.

Nilitoka kutafuta mtu wa kumbeba. Nilikwenda na tumbo langu nyumba hadi nyumba, "Hodi," na milango inafungwa. Kijana wa bodaboda, yule ambaye Fideli alikuwa akimpa mkate wa mwisho wa siku, aligeuza uso akajifanya anafuta kioo cha pikipiki. Nilimsimamia mbele. "Wewe, nitakupa tanuri zima, chukua, mpeleke tu." Akaendelea kufuta. Nikamtemea mate kwenye kioo chake safi nikaondoka.

Mama Shija hakuweza kunisemesha. Lakini alikuwa na kuku. Niliporudi asubuhi ile nilimsikia upande wa pili wa ukuta akizungumza nao, kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe. "Nyie kuku, maji nimeyaacha nyuma ya choo. Na uji upo kwenye sufuria ndogo, msije mkaumwaga." Nikachukua maji, nikachukua uji. Aliendelea. "Nyie kuku, nani angejua kama hamjui? Hapa kwetu mtoto akianza kutambaa anajua, mwano ukilia tunatoka." Nikawajibu kuku wake. "Kuku, mwambieni mama yenu alikaa nasi meza moja karibu mwaka mzima, akatufundisha kupika viazi." Nilisikia anakaa chini. "Kuku, mmesema kweli," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka, sijawahi kuisikia imeshuka hivyo. Kisha, "Huyo mwanamume hafiki kesho." "Najua hafiki," nikasema. "Hawatoki kwenye nyumba zao, nimewabishia hodi wote." "Kubisha hodi hawatoki. Wamekatazwa kutoka. Kuna kitu kimoja tu hakikatazwi." Nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi. "Nyie kuku," akasema Mama Shija polepole, kama alivyokuwa akinirudia maamkizi, "mwano haujali nani kaupiga. Hata mchawi akipiga, hata adui, tunatoka, tukiuliza tunauliza tukiwa tumeshafika. Ila anayepiga bure hupigwa yeye. Na mwenye mimba simjui aliyesamehewa."

Sikungoja. Nilikwenda uani nikasimama pale pale alipokuwa ameegemea Fideli. Nikachukua panga la kuni na lile bati la pipa, nikagonga, na nikafungua kinywa. Kilichotoka sikukitunga. Kilikuwa kimekaa ndani tangu siku ile chini ya meza niliponyamazishwa bila kusema, labda tangu zamani zaidi, tangu kila mlango niliowahi kufungiwa nyuma yake. Kilitoka kirefu, kikanikata koo, nikavuta pumzi nikakitoa tena. Upande wa pili wa ukuta Mama Shija akakipokea. Alikuwa hajanisemesha, alikuwa anapokeza tu, kama sheria inavyosema. Nyumba ya tatu ikapokea. Halafu filimbi. Halafu miguu ile ile.

Walijaa uani, wanahema, fimbo mikononi, mmoja bado na povu la sabuni kwenye ndevu. Maganga akapenya mbele. "Nani amepiga?" "Mimi." "Wewe umetengwa." "Nimetengwa, lakini umekuja." Nikaona shingo yake inavimba. "Mwano si mchezo, wewe dada. Nani ameingia? Nini kimeibwa?" "Mtu anakufa humu ndani. Amevamiwa na watu wengi wenye fimbo. Nimepiga mwano, mmekuja. Ingieni mumwone." Hakuna aliyesogea. Panga lilikuwa bado mkononi mwangu na nadhani sote tulikuwa tunalitazama. Nilikuwa nimeshaamua, na sioni haya kuliandika. Yule atakayeinua fimbo kwanza, nitamkata, wa pili atanimaliza, na itakuwa imekwisha.

Mama Shija ndiye aliyeingia. Alipita katikati yao na kanga begani, akatoka na uso wa mtu aliyemwagiwa maji. "Kamanda," akasema kwa nguvu watu wote wasikie, "nimeingia nimeona. Mwano ni wa kweli. Mtu yuko karibu kukata roho." Mwanamume mmoja wa nyuma akaguna, "Basi kama ni wa kweli," na mwingine akasema, "Hatuwezi kurudi hivi hivi, kamanda, mwano ukiwa wa kweli haturudi," na nikaona kile kilichoua kikianza kugeuka upande mwingine, polepole, kama ng'ombe anayezuiwa mlangoni. Hawakuwa wamepata huruma, msinielewe vibaya. Walikuwa na sheria yao, na sheria ilikuwa imewashika shingo. Maganga aliwatazama, akaitazama filimbi yake. "Leteni kitanda," akasema.

Walimweka kwenye kitanda cha kamba cha Mama Shija, wakamwinua mabegani, na Maganga akashika mguu wa mbele kulia kwa sababu kamanda hatembei mikono mitupu. Njia ile ya kwenda mjini ndiyo ile ile ya zamani ya wapagazi, miembe huku na huku, nami nilitembea pembeni nimeshika kidole gumba cha Ejide na kuhesabu pumzi zake. Tulipoingia Chemchem watu walianza kutoka madukani. "Nani huyo?" "Mgonjwa," Maganga akajibu bila kugeuka. "Anaumwa nini?" "Amepigwa," nikasema mimi. "Na nani?" Nikanyamaza makusudi, nikawaacha wawatazame wale wabebaji na fimbo zilizokuwa zimechomekwa viunoni mwao. Kitanda kilianza kwenda haraka.

Nitasema hapa ili mtu asibaki na wasiwasi. Ejide aliishi. Walimpasua, wakatoa bandama, na mkono wake haukunyooka tena, anakanda kwa mmoja. Kesi ilikwenda na kurudi, mashahidi wakasahau walichokiona kwa macho yao, Maganga akakaa ndani kidogo akatoka, akazeeka nyumbani kwake. Sisi tulirudishwa kambini, Ariela akazaliwa huko, tukaja tena Tabora, safari hii na karatasi. Karatasi hiyo ina tarehe ya mwisho, na kila tarehe inapokaribia silali. Nina tanuri, nina wafanyakazi, watoto wa mtaa wananiita Mama Ariela, na bado sijui mwaka ujao nitakuwa wapi. Kaburi la Fideli nalijua lilipo. Hakuna anayelifagia ila mimi.

Lakini siku ile, mlangoni pa hospitali, walitua kitanda wakataka kuondoka. Nesi akatoka, mwanamke mnene mwenye miwani, akamwona Ejide, akaona vumbi miguuni mwao, akaona fimbo. "Msiondoke hata mmoja," akasema. "Huyu ni nani? Ni wa wapi?" Nilimwona Maganga anafungua kinywa. Alikuwa na neno moja la kusema, Mrundi, na lingetosha. Lakini angeulizwa, na wewe uliyembeba toka huko ni nani yake? Alifunga kinywa. Wote walikuwa wananitazama mimi, na jasho linawatoka, na kwa mara ya kwanza tangu tufike niliona wanaume hao wananiogopa.

"Ni wa Kwihara," nikamwambia nesi. "Anaitwa Ejide, mwoka mikate. Na hawa ni jirani zake, ndio waliompiga."

Nesi akasogeza kiti, akamwambia Maganga akae.